Mpira Kwenye Sinia la Makomamanga

Ukialikwa nyumbani kwa Mmalizaji, pale Ibra, Oman, upande wa mji mkongwe, sharti lilikuwa moja: tazama utakacho, ila mdomo ufunge. Ukisema "bakuli zuri hili", bakuli ni lako. Ukisema "zulia hili limekaa vyema", zulia linakunjwa, linafungwa kamba, linakungoja mlangoni pamoja na viatu vyako. Najua desturi hiyo ni ya Waarabu wote. Mgeni akikisifu kitu, mwenye nyumba humwambia "tafadhali, ni chako", mgeni mwenye adabu akakataa, mwenye nyumba akashikilia kidogo, mgeni akakataa tena, na mambo yakaishia kwenye kahawa. Kwa Mmalizaji hayakuishia kwenye kahawa. Yeye alitoa kweli. Ukikataa alikufuata nacho mpaka garini, na kama gari limeshaondoka alimtafuta mtu anayekwenda kwenu.

Wenyeji wa Ibra walishajua, wakiingia kwake wakizungumza habari za mvua na bei ya mbuzi. Wageni ndio walioharibu.

Nimekaa naye miaka mingi na sijaona mtu aliyemwandika, basi nimwandike mimi. Magazeti ya zamani yaliandika habari za wapigaji wa kriketi, wale wa kupeleka mpira juu. Mimi si mwandishi. Shule niliiacha mapema, tukiwa bado Bujumbura, na tulipokuja Oman na wazee wangu sikuirudia. Nilichojifunza ni tairi. Leo nina maduka ya matairi Ibra, Sinaw na Nizwa, na kibanda cha upepo Al Mintirib, pale pale gari zinapoingia mchangani. Gari ya mtalii ikitaka kupanda mchanga lazima tairi lipunguzwe upepo, na ikitoka lazima lijazwe tena. Nilipoanza walinicheka: upepo ni wa Mungu, nani atakulipa? Sasa wapite nje ya nyumba yangu wahesabu madirisha. Nimejenga kwa upepo, na sioni haya kusema.

Yeye kazi yake ilikuwa kriketi. Kwa asiyeujua mchezo nitaueleza kama alivyonieleza yeye, kwa vijiko na kikombe juu ya busati. Mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi nyekundu, una mshono katikati, mkono umenyooka. Mwengine ana gongo bapa, analinda vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma yake. Akiupiga mbali anakimbia, na kila mbio inahesabiwa. Mpira ukiangusha vijiti, huyo kwisha, anatoka. Mrushaji akisharusha mara sita, hiyo inaitwa ova, humpisha mwenzake. Timu ya kwanza inapata mbio zake, ya pili inazifukuzia. Sasa zile ova za mwisho, wapigaji wameshazoea, mbio zimebaki chache, watu wamesimama juu ya maboneti ya magari wanapiga kelele, hapo ndipo alipoitwa yeye. Mchezo hakuuanza hata siku moja. Kampuni moja ya Maskati ilimwajiri miaka ya tisini, mshahara kila mwezi, na meza ofisini ambayo nadhani aliwekea kofia tu. Kazi yake hasa ilikuwa Ijumaa jioni.

"Mie siku hizo siendi kucheza," alikuwa akisema. "Naenda kufunga mlango."

Umri ulikuwa umeshamwendea. Wenzake kwenye timu walikuwa vijana, Wahindi na Wapakistani wengi, wanakimbia kama swala. Yeye alijifunza mchezo huo Unguja, zamani za Waingereza, na tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele ya kanzu. Mchezo ukianza yeye alilala. Nasema kweli, alilala, chini ya gari la maji, kwenye kivuli, kilemba kimefunika uso. Kapteni wake alikuwa Mhindi mmoja mhasibu, mtu wa wasiwasi, kila ova akigeuka kumtazama, akimwita Chacha, yaani ami kwa lugha yao.

"Chacha, usilale leo! Leo wazito!"

Na yeye, bila ya kufunua uso: "Niamsheni mambo yakiharibika. Yakiwa mazuri hayanihitaji."

Yalipoharibika aliamshwa. Alikunywa maji, akavua viatu, na akaenda kuukanyaga mkeka. Viwanja vyetu havikuwa na majani, vilikuwa vumbi na changarawe. Katikati ulijengwa ukanda wa saruji, na juu yake ukatandikwa mkeka wa usumba, ule wa makumbi ya nazi, umepigiliwa misumari pembeni. Mpira hudunda hapo kabla ya kumfikia mpigaji. Mmalizaji aliutembelea miguu mitupu, pole pole, kama mtu anayetafuta sindano. "Usumba huu naujua tangu unafukiwa pwani uoze," aliniambia. "Hawa wenzangu wanaona mkeka. Mie nasikia wapi umelegea."

Kisha alirusha. Nilimwona mara nyingi, maana nilikuwa nikimpeleka mwenyewe Maskati kwa gari yangu, na nitasema kwa nini. Alirusha taratibu kiasi cha kuudhi. Mpira ulitoka mkononi kama sadaka. Kijana na gongo lake, misuli imejaa, anauona unakuja, anauona bado unakuja, anakasirika. Akishakasirika, amekwisha. Mpira ukagusa pale palipolegea, ukageuka, ukapita alikoacha mwanya. Watu wanaruka, yeye anakwenda kutafuta viatu vyake.

Nilimpeleka mimi kwa sababu aliogopa mizunguko ya barabarani. Mtu aliyesimama mbele ya umati wa watu na mbio moja imebaki, moyo wake hautikisiki, akifika kwenye mzunguko wa barabara alisimamisha gari akasoma aya. Nyuma honi zinalia. Ndivyo tulivyojuana: aligonga ukingo wa mzunguko, tairi likapasuka, akaletwa dukani kwangu, wakati huo duka langu likiwa bati na jeki moja.

"Shikamoo, Ami," nikamwambia. "Ulikuwa unakwenda mbio?"

"Marahaba. Nilikuwa nimesimama."

"Umegongaje na umesimama?"

"Ndio ujue nilivyoogopa, yakhe."

Nilimbadilishia tairi, akanichukua kwake kula, na hapo nikafanya kosa langu la kwanza. Ukutani ilitundikwa kofia ya kijani, kofia ya timu, ina nyota ya uzi wa dhahabu. Mimi mtu wa bara, mdomo mwepesi. Nikasema, "Ami, kofia hii nzuri." Mkewe, ambaye alikuwa anapanga mkate wa kumimina kwenye sahani, akatoa pumzi kama tairi.

"Haya, ishatoka," akasema.

"Tafadhali, ni yako," akasema mumewe, na kofia imeshafika mapajani mwangu.

Nilikataa. Nilikataa kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na kwa Kirundi pia, maana nilibabaika. Mkewe akanihurumia. "Chukua mwanangu. Huyu humwezi. Mwaka jana kampa mtu mlango."

"Mlango?"

"Wa stoo. Mgeni kasifu nakshi."

Kofia hiyo ndiyo iliyoanzisha ukusanyaji wangu. Nilikaa nayo, nikaitazama, nikajiuliza: kama mimi nimepata kofia kwa neno moja, vitu vyake vingine viko wapi? Nikaanza kuulizia. Vilikuwa kila mahali. Kikombe cha fedha alichopewa kwa kuwa mchezaji bora nilikikuta Sur, kwa mwalimu mmoja wa shule, mkewe ametilia ndimu kavu. Picha ya timu ilikuwa Wadi Bani Khalid, kwenye mgahawa karibu na mabwawa, mwenye mgahawa akiwaambia watalii kwamba wa tatu kutoka kushoto ni babu yake. Sweta lake jeupe lenye mstari wa kijani lilipanda mpaka Al Jabal al Akhdar, kwa mkulima wa mawaridi, na yule bwana alinipa taabu.

"Siliuzi," akaniambia. "Huku juu baridi."

"Nitakuletea sweta jipya. Masweta mawili."

"Na hili alinipa kwa mkono wake. Jipya nani atanipa kwa mkono wake?"

Nilirudi mlimani mara kadhaa, na ile njia si ya mchezo, bila ya gari ya kuvuta magurudumu yote askari hakupitishi. Mwishowe nikaitazama pikapu yake, nikaona matairi yamekuwa upara. Nilimvalisha manne mapya, ya ukuta mnene, ya mawe. Akalivua sweta hapo hapo. Mimi kuzungumza na mtu najua. Mtu mwenye digrii angempelekea barua.

Halafu ipo kadi. Msimu mmoja mwenye kiwanda cha biskuti alitia ndani ya maboksi kadi za picha za wachezaji, na watoto wa Ibra wakawa wanakula biskuti mpaka wanaumwa tumbo. Mpiga picha alipofika kiwanjani kumtafuta Mmalizaji, alimkuta pale pale, chini ya gari la maji. Akampiga alivyo. Basi kadi yake inaonyesha mtu amelala chali, kilemba usoni, miguu mitupu, na chini limeandikwa jina na neno "mrushaji". Watoto walizitupa, wakidhani zimekosewa. Wakubwa walizitafuta baadaye, hazikuwapo. Mimi ninazo, nzuri, hazina mkunjo, na aliyenazo zaidi yangu ajitokeze.

Vyote hivyo nimeviweka kwenye kabati la kioo, duka la Ibra, mkono wa kulia ukiingia. Wateja wanangoja tairi, wanatazama. Yeye mwenyewe alilijua kabati, akalipita kila akija, na hakuwahi kusimama.

"Huoni raha, Ami? Vitu vyako vimekutana tena."

"Si vyangu. Vyangu viliniaga." Kisha akanitazama. "Lakini umevisafisha vyema. Hilo nakupa."

Alikuwa mtu wa kukuacha na fumbo namna hiyo. Kiwanjani, mkono wa birika: mbio moja ilimuuma kama amekatwa nyama, akimzuia mpigaji hata asiyekuwa na haja ya kumzuia. Nyumbani, mkono wazi mpaka mkewe akawa ananunua sahani za plastiki makusudi, za rangi mbaya, asipatikane wa kuzisifu. Watu walimwita Mmalizaji, na kwake hakumaliza kitu. Ukuta wa uani uliishia kiunoni miaka yote niliyomjua, mchanga na matofali pembeni. Chai alikunywa nusu. Hadithi aliianza vizuri, ikifika patamu akasimama kwenda kusali, akirudi ameanza nyingine.

"Mmalizaji gani huyu?" mkewe akiniambia mbele yake. "Mmalizaji wa subira yangu."

"Mchezo nilioajiriwa kumaliza niliumaliza," akajibu. "Ukuta umeniajiri lini?"

Kwenye ubao wa keram aliiba. Sisemi alijaribu, aliiba, mkono ule ule mpole ukisukuma kete, na ukimshika anacheka mpaka machozi. Lakini kujisifu hakujisifu, na mimi nikijisifu, maana mimi huwa najisifu na sababu ninazo, aliniacha niende weee, kisha akasema, "Lia, ngoma, lia. Bado hujapasuka." Sikuwahi kukasirika. Ukisemwa na mtu anayekupenda ni kama kuchanwa nywele.

Sasa nije kwenye mpira.

Kati ya vitu vyote vya kazi yake, kimoja tu kilibaki nyumbani kwake: mpira. Ulikuwa wa fainali, mchezo wake wa mwisho wa mshahara. Wale wa pili walitaka mbio mbili, na umebaki mpira mmoja. Akauchukua, akautembelea mkeka kama kawaida, akarusha. Ulikwenda nje kabisa, upande wa miguu ya mpigaji, mbali hata watu wakadhani umemponyoka. Mpigaji akaupisha upite. Ukagusa usumba, ukarudi nyuma ya miguu yake, ukaangusha kijiti cha katikati, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Mimi nilikuwepo. Sijui kama nilipiga kelele, ila nilipoteza kiatu kimoja.

Baadaye, siku nyingi baadaye, niko namjazia upepo, akanieleza bila ya kuulizwa.

"Kila mpira mie huuambia: nenda pale, gusa pale, geuka kiasi hiki. Maisha yangu yote. Huwa unafanya nusu. Wewe unaona nimemtoa mtu, unashangiria, mie najua umefanya nusu. Ule ulifanya vyote nilivyouambia." Akanyoosha kidole kimoja. "Mmoja tu, yakhe."

Siku ile alimwomba mwamuzi ampe. Sijasikia kitu kingine alichowahi kumwomba mtu. Mwezi uliofuata aliacha kazi, akatulia Ibra moja kwa moja.

Taabu ikawa wapi pa kuuweka. Sandukuni hakutaka. "Kitu cha kufichwa ni cha sanduku, si chako." Na kuuweka wazi ni kuungoja usifiwe, na ukisifiwa umekwenda, maana hilo hakulibadilisha kwa ajili ya mpira wala kwa ajili ya mlango. Basi akaweka majlisini, pale wanapokaa wageni, sinia kubwa la shaba, akalijaza makomamanga ya Al Jabal al Akhdar, na mpira akauweka humo humo katikati yao. Makomamanga yalikauka yakawa magumu, mekundu ya kuiva sana, na ule mpira, ngozi imechubuka kidogo kwa mkeka, ukawa mwenzao. Wageni walikaa mbele yake wakila tende, macho yanapita juu. Jamaa mmoja wa mkewe aliutilia kisu akitaka kuupasua ale, na mama wa watu alipiga ukelele uliomtoa jirani. Alama ya kisu ipo.

Nami niliutaka. Sifichi. Kwenye kabati langu rafu ya katikati niliiacha tupu, nimeweka kitambaa cha mahameli, na kila aliyeuliza nilimwambia panangoja. Niliuona kila wiki, hatua mbili kutoka goti langu. Neno moja lingetosha.

"Unautazama kama paka anavyotazama nguru," Mmalizaji akaniambia siku moja.

"Sijasema kitu, Ami."

"Ndio maana bado upo."

Mkewe ndiye aliyenifunga ulimi. Alinisindikiza mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kila akirudi alfajiri msikitini anaushika kwanza, ndipo anakunywa chai yake. Anaushika kidogo tu. Mengine yote yametoka, na mie nimenyamaza, nimecheka nayo. Huu ukitoka, sijui ataamkia nini." Nikamwambia, bibi, kwangu mimi uko salama. Mimi nina mdomo mkubwa lakini una kufuli.

Sikufikiria kwamba wa kumwogopa ni mgeni wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili imeshasonga, Mmalizaji ndevu zote nyeupe, magoti yanalalamika. Wakala aliyekuwa akiniletea matairi kutoka Maskati alikuja Ibra, kijana wa watu, wazee wake wa Pemba, yeye kazaliwa huku. Nilitaka anipe uwakala wa mkoa wote wa Sharqiyah, basi nilimtembeza. Nilimwonyesha maduka, kibanda, kabati. Akataka kumwona mwenye kofia. Njiani nilimwambia, "Sikiliza. Ndani usisifu kitu."

"Akid, akid, bila shaka," akasema. "Mimi nasifu nini?"

Tukaingia, tukaamkiana, tukakaa. Kijana alikuwa na adabu, alijizuia. Alitazama sahani za plastiki, akanyamaza. Alitazama taa, akanyamaza. Mkewe Mmalizaji alikuwa amepata makomamanga mapya asubuhi ile, msimu ndio kwanza umeingia, na amelijaza sinia hadi ukingo. Kahawa ikaja, tende zikaja, na yule kijana, amelegea sasa, akaona chakula si kitu. Nani aliyewahi kukatazwa kusifu chakula? Akasema, "Mashaallah, ami, hii komamanga yako hilwa sana. Maskati hatuna kama hii."

Nilimsikia mkewe, nyuma ya pazia, akiacha kukoroga.

"Tafadhali," akasema Mmalizaji. "Ni yako." Akaita aletewe mfuko.

"La, la, ami, mimi nachukua moja tu."

"Umelisifu sinia."

Akaanza kuyatia mfukoni, moja moja, kwa mkono ule ule wa kiwanjani, hakukawia na hakufanya haraka. Mkewe alitokeza kichwa. "Bwana, si yote. Mwachie mwenzio achague."

"Kilichosifiwa hakichambuliwi."

Mpira ulikuwa unakaribia. Nikaona sina njia ila mdomo wangu, kitu ambacho hakijawahi kunitupa. Nikasema, "Ami, hebu. Moja humo bovu. Lile lililochubuka, litaozesha wenzake. Nipe nilitupe."

Alisimamisha mkono. Akanitazama, na nikaona amenielewa, na amefurahi, na hatakubali.

"Hakuna bovu hapa," akasema. Akautia mfukoni, juu yake akatia makomamanga matatu ya mwisho, akafunga fundo.

Tukaagana. Sinia lilibaki linang'aa, tupu. Niliendesha mpaka kituo cha petroli. Pale kijana akafungua mfuko apate la kula njiani, akatoa mpira.

"Wallah, hii nini? Mzee kanipa mpira!" Akacheka, akaugeuza. "Umekatwa. Chukua wewe, si unakusanya?"

Hivyo. Kitu nilichokingoja miaka yote kiliwekwa mkononi mwangu kwenye kituo cha petroli, bila ya jasho, na mtu asiyejua ni nini. Nikaupeleka dukani. Nikafungua kabati, nikauweka kwenye mahameli, nikawasha taa ya kabati, nikarudi nyuma nitazame. Ulipendeza. Siwezi kusema haukupendeza. Kofia juu, sweta chini, kikombe pembeni, mpira katikati. Kabati limekamilika. Wateja wawili walisimama wakausifu, na mimi nikasema ahsante.

Asubuhi ya pili nilipita nje ya nyumba ile nikielekea dukani, baada ya alfajiri. Mlango wa majlisi ulikuwa wazi. Mmalizaji alikuwa amekaa mahali pake na kikombe cha chai mbele yake, kimejaa, hakikuguswa. Hakuniona. Nikaendelea na safari.

Nilifika dukani, nikazima taa ya kabati. Nikajua kurudisha hakurudishiki: alichompa mtu, mtu huyo akimrudishia atamfukuza, nilishaona akimfukuza mwenye zulia. Nikampigia wakala simu kwamba leo sipo, mambo yetu yangoje, akashangaa, nikamwambia ashangae. Nikachukua njia ya Nizwa, nikapanda mlima. Yule mkulima wangu wa sweta ana makomamanga pia, na matairi yake bado mazima. Nikamwambia nataka boksi, yenye ngozi nyekundu sana, yasiwe makubwa, yawe ya ukubwa huu. Nikamwonyesha kwa ngumi.

"Watu huchagua tamu," akasema.

"Mimi nachagua rangi."

Alasiri nilikuwa Ibra. Nikabisha hodi, boksi begani. Si haramu mtu kumletea ami yake matunda ya msimu, na hakuna aliyesifu kitu.

"Shikamoo, Ami. Nimetoka mlimani. Nimeona sinia lenu tupu."

"Marahaba. Wewe huna kazi?"

"Kazi zipo, watu wangu wanafanya. Ndio faida ya kuwa mimi."

"Haya, lia ngoma," akasema, lakini macho yake yalikuwa kwenye boksi. Mkewe akalivuta sinia katikati. Nikapanga mwenyewe, nikimpa mgongo kidogo, safu ya chini, safu ya pili. Nilipomaliza nikakaa pembeni nikajifanya natafuta simu mfukoni.

Mmalizaji akaegemea mbele. Akayatazama muda mrefu. Akapeleka mkono, akapita juu ya moja, la pili, akafika.

"Makomamanga ya mlimani mwaka huu," akasema, "yana mshono."

"Mvua ilikuwa nzuri, Ami."

Mkewe aligeuka upande wa ukuta, mabega yakimtikisika, na sijui alikuwa anacheka au vipi. Mmalizaji aliutoa mpira, akauweka mkononi, vidole viwili juu ya mshono na cha gumba chini, akaanza kuniuliza habari za bei ya ngamia Sinaw. Tulizungumza mambo ya ngamia, na ya njia mpya, na ya mtu aliyeoa. Kahawa ikaletwa, ikawekwa mbele yake. Mkono wake wa kulia haukuwa na nafasi. Nikamimina mimi.